Chewa wa Mlango wa Kaskazini

Mume wangu Kaboua hakuwahi kuwa mtu wa kukaa kitako, lakini siku zile hata kusimama kulimshinda. Alikwenda ufukweni kutazama ndege, akarudi, akanywa maji nusu kikombe, akatoka tena. Ndege hawakukusanyika popote. Pasipo ndege hakuna jodari, na kesho yake ndiyo ilikuwa sherehe ya paa jipya la maneaba, ukumbi wetu wa mikutano.

Hapa kisiwani Abaiang kila ukoo una mahali pake pa kuketi ndani ya maneaba, na una kazi yake. Kazi ya ukoo wa Kaboua ni samaki. Wengine huleta magimbi, shelisheli, nguruwe. Asiyeleta chake hafukuzwi, ila ataketi pale watu wakimtazama mikono.

"Baba alikuwa anawaona jodari akiwa juu ya mnazi," aliniambia. "Anateremka, anasukuma mtumbwi, wali haujaiva kesharudi."

"Baba yako hakuivua bahari hii," nikamjibu. "Hii ya sasa ukitia mguu utadhani imeinjikwa jikoni."

Alitoka kwa boti ya mashine na kaka yangu Tiaon. Walikwenda mpaka kisiwa kikapotea machoni, wakarudi alasiri petroli ikiwa imebaki ya kulamba, na ndoo tupu.

"Jodari wamehama, dada," Tiaon akasema. "Wamekwenda mashariki. Wanawasalimu."

"Cheka tu," Kaboua akamwambia. "Si wewe utakayeketi pale kesho."

Mama mkwe wangu, Nei Tebatu, alikuwa anasuka mkeka. Hakuinua uso. "Tangu lini mwanamume wa ukoo huu akarudi nyumbani na salamu?"

Kaboua alichukua mshipi, akasukuma mtumbwi peke yake, nami nikaona anaelekea Mlango wa Kaskazini, pale mwamba unapoacha njia ya kutokea bahari kuu. Mwaka ule wa joto kali matumbawe ya pale yaligeuka meupe kama mifupa, kisha yakavikwa utelezi wa kijani. Muuguzi wetu alitueleza kwamba utelezi ule una sumu. Samaki wadogo huula, wakubwa huwala hao wadogo, na sumu yote huishia kwa mkubwa. Watu walikwisha kuugua, midomo ikafa ganzi, na kitu cha baridi wakakihisi moto. Hakuna aliyevua pale tena.

Jua halijazama akarudi na chewa, mkubwa hata Tiaon akalazimika kumshika mkia.

"Umemtoa wapi?" nikamuuliza.

"Baharini."

"Bahari ni kubwa, Kaboua."

Akatazama chini. Mama yake alikuwa anapiga makofi kwa furaha, hakusikia. Kaboua alimpasua yule samaki, akatoa ini, akalichoma, akaketi nalo kando ya nyumba.

"Ini ndilo lenye sumu kuliko nyama," nikamwambia.

"Ndiyo maana nakula ini. Nikiamka mzima, watu watakula. Nisipoamka mzima, utamzika huyo chewa kabla yangu."

Usiku kucha alijigeuzageuza, akigusa midomo yake kujua kama imekufa ganzi. Alfajiri usingizi ukamchukua, nami nikaona afadhali, nikaenda kisimani, nikangoja zamu mpaka jua likawa juu. Niliporudi nilimkuta ameamka, akachota maji niliyokuja nayo anawe uso. Akakitupa kikombe.

"Rotia, nani amechemsha maji haya?"

Nikatia mkono. Yalikuwa baridi.

Wote wawili tukageukia pale chewa alipolazwa, tukaona majani ya mnazi matupu. Mama mkwe alikwisha kumpeleka kwenye jiko la maneaba.

Kaboua alikimbia. Alianguka njiani, nikamshika kwapa, akaendelea. Tulipofika, watu walikuwa wameketi, na Nei Tebatu mwenyewe anawagawia wazee mchuzi, uso umemng'aa. Kaboua akasimama katikati, mahali ambapo mtu hasimami bila kuitwa.

"Msile," akasema. "Nimemvua Mlango wa Kaskazini. Nilijua nilikuwa wapi."

Mzee Uering, mkubwa kuliko wote, alikuwa ameshika bakuli lake.

"Wewe umekula?"

"Nimekula."

"Unajisikiaje?"

"Maji baridi yananiunguza."

Mzee akaurudisha mchuzi chunguni taratibu, hata tone lisimwagike. "Basi nenda kaketi mahali pako," akasema.

Chewa akafukiwa, chungu kikasuguliwa kwa mchanga, tukala shelisheli na samaki wa kopo. Ngoma zilipigwa, ingawa wapo walionong'ona. Nei Tebatu hakula. Lakini wiki zote mume wangu alizolala, mwili ukimwasha na miguu haimtii, ni yeye aliyeamka mapema kumpashia maji ya kuoga. Hakumlaumu, wala hakumwomba radhi.

Wazee walituambia ukoo wetu unaweza kuleta kitu kingine, hata nazi. Kaboua akakataa. Alipopata nguvu alichimba bwawa la kufugia samaki na Tiaon nyuma ya nyumba, wakatia vifaranga vya mwatiko. Maji ya bamvua, yale yanayojaa sana mwezi ukiwa mpevu, yakabomoa ukuta, nusu ya samaki wakaenda zao. Wakajenga upya.

Mama mkwe anasema hao si samaki, ni kuku wenye magamba. Kaboua yumo ndani ya maji mpaka kiunoni, anaongeza mawe, kwani wanasema mwezi ujao bamvua litapanda zaidi.