Bendeji Nyeusi

Daktari alisema mguu wa mzee Khoi ukatwe chini ya goti. Mzee akagoma. Sikio la kufa halisikii dawa, lakini tumtendee haki: dawa zote alikuwa ameshazimeza. Miaka mingi alifuga kambare nje ya mji wa Can Tho, Vietnam, akiwamwagia bwawani dawa za kuua bakteria kama anayetia chumvi mchuzini, na bakteria wa bwawa lile wakazoea kila kitu. Mwiba wa kambare ulipomchoma unyayo, naye ana sukari, bakteria hao wakahamia kwake wakiwa wamekwisha kuhitimu.

Binti yake, Diem, alikuwa mtafiti chuoni. Alichukua usaha wa baba yake, akaotesha bakteria wake kwenye kisahani, akawajaribu kwa dawa za hospitali. Wakanawiri. Akawatilia dawa ya maabara yao: vipande vya protini vilivyoigwa kutoka ngozi ya chura, vimeshikizwa kwenye chembe za fedha ndogo kuliko vumbi. Protini hutoboa ganda la bakteria, na fedha huingia kumalizia kazi. Kesho yake hakuna kilichoota. Daktari akampa wiki moja ya kuijaribu kabla ya kukata. Hakuwa na lingine la kumpa.

Kikwazo kilikuwa shangazi Lanh, dada wa mzee, aliyekuwa akimuuguza nyumbani.

"Ngozi ya chura? Chuo chote kile, mkaona mje kumpaka kaka yangu chura?"

"Ndani mna fedha, shangazi. Fedha kama bangili yako."

Hapo shangazi akalegea. Kwao mwenye homa husuguliwa mgongo kwa yai la kuchemsha lililofungwa pamoja na fedha. Fedha ikiwa nyeusi, sumu imetoka, na yai hutupwa mbali.

"Kumbe inavuta sumu! Ungesema mapema."

Diem alikuwa amechoka, na dawa zaidi ilimngoja maabara kutengenezwa. Kueleza upya kungekula jioni nzima na kuleta ugomvi. Akapaka dawa kidondani, akafunga bendeji.

"Ndiyo, shangazi, inavuta sumu. Mwache na bendeji mpaka nirudi."

Mchelea mwana kulia hulia mwenyewe, na kuna shangazi wa kumchelea vilevile.

Aliporudi na kopo jipya, shangazi alimpokea mlangoni akicheka.

"Imetoka yote, mwanangu! Bendeji ilikuwa nyeusi tii. Nimeizika kule nyuma, nikamwosha kwa maji ya majani ya tambuu."

"Lini?"

"Juzi. Mbona umekunja uso? Si ulisema?"

Fedha ile hugeuka rangi tu. Weusi wake hausemi lolote juu ya sumu. Chini ya bendeji kidonda kilikuwa kimeanza kufumba. Sasa kilikuwa wazi, na wekundu ulikuwa umepanda kupita goti. Hospitali waliukata mguu wakiwa wamechelewa, na mzee Khoi akafa damu yake ikiwa imeoza.

Msibani shangazi alimwambia kila aliyekuja, "Huyu mtoto alimponya baba yake. Niliona kwa macho yangu. Wakata miguu ndio waliomuua." Diem, kitambaa cheupe cha msiba kichwani, aliinamisha uso akawamiminia wageni chai. Aliona aibu kiasi cha kutamani kufukiwa. Lakini amwambie nini mwanamke aliyekesha na kaka yake? Akaapa kunyamaza mpaka kaburini.

Ndipo mama Sau, jirani wa bwawa la pili, akamshika mkono.

"Diem, mume wangu naye kachomwa na kambare, mguu umevimba. Nigawie ile dawa ya kuvuta sumu. Lanh kanifundisha: ikiwa nyeusi, naifungua, naizika."

Shangazi alikuwa papo hapo, akiitikia kwa kichwa kwa fahari.

Diem akaweka birika chini.

"Hapana, mama Sau. Haivuti sumu, mimi nilidanganya. Ikiwa nyeusi usiifungue. Baba alifunguliwa."

Mama Sau akauachia mkono wake. Shangazi Lanh akaitazama mikono yake mwenyewe, akauliza polepole, "Nani alimfungua?"