Bunduki Aliyoichagua Karisa

Mvua za mwaka wa sitini na moja zilipofika wiki ya tano, barabara ya bara ilikatika na unga ukaadimika Kisauni nzima. Duka letu la Junda lilikuwa bado na magunia thelathini. Ndipo baba yangu, Bwana Yeslam, alipoomba kibali cha bunduki, na polisi wakampa.

Baba hakuwahi kushika hata manati. Kwa hiyo alimwomba Karisa, jirani yetu wa bondeni, atusindikize Nyali kwa Mzungu mmoja aliyekuwa akiuza vitu vyake ili arudi kwao. Karisa alipigana Burma kwa jeshi la Mfalme, ingawa yeye mwenyewe, kwa kuwa ni Mwafrika, serikali ya kikoloni haingempa kibali. Nilimwita ami tangu utoto. Ndiye aliyenifunza kuogelea.

Bunduki tatu zilikuwa mezani. Karisa aliikunja ya kwanza, akachungulia ndani ya mtutu kuelekea dirishani, kisha akanusa.

"Wachagua bunduki au wanunua papa?" baba alimtania.

"Bunduki nayo huoza, Bwana Yeslam. Kama matajiri."

Tulicheka sote watatu. Kisha akaanza kazi.

"Bastola yataka mkono uliozoea, wewe utajipiga mguu. Raifu hii yaua mbali, risasi yake yapita kuta mbili za udongo. Hii ya marisau ni ya karibu, chembe zake hutawanyika, haitaki shabaha sana. Sasa niambie, hao watu watakuwa wapi? Mbali, au mlangoni?"

"Mlangoni."

"Wengi?"

"Huenda. Watu wenye njaa. Maji yakizidi, watu wa bondeni watapanda juu, na..."

Bondeni palikuwa na nyumba kumi na moja. Ya Karisa ilikuwa ya mwisho, karibu kabisa na maji. Nilikuwa nimerudi kutoka Makerere miezi mitano tu iliyopita, nimejaa maneno ya udugu na nchi mpya, na pale nikainama kuitazama bastola.

"Basi chukua hii ya marisau," Karisa alisema taratibu. "Mtutu wake ni safi. Kwa karibu vile, huwezi kukosa."

Akamwonyesha baba namna ya kutia risasi na kuegemeza kitako begani. Akamrekebisha kiwiko kwa subira, kama mwalimu amfunzavyo mtoto kushika kalamu.

Njiani baba alishindwa kuvumilia. "Karisa, wallahi sikukukusudia wewe."

"Najua. Lakini hata mimi sina unga, Bwana Yeslam. Tangu Jumanne."

"Mbona hukusema?"

"Nilikuwa naja kusema leo asubuhi. Ukaniwahi, ukataka twende Nyali."

Jioni baba alinituma kwao na pishi mbili za unga. Nyamvula, mkewe Karisa, alinikaribisha vizuri, akanishukuru, akanirudishia mfuko na unga wote ndani.

Siku ya tatu, alfajiri, maji yaliingia bondeni. Baba alikaa barazani na bunduki mapajani. Watu wakaanza kupanda kilima, na kati yao Karisa, amembeba mgongoni mamake, bibi Kadzo, Nyamvula akimfuata na mikeka kichwani.

Nilikimbilia mvuani. "Shikamoo, ami! Ingieni, ghala ni kavu."

"Marahaba, mwanangu Hadi. Twaenda kanisani, Mjambere."

"Ni mbali! Bibi hataiweza baridi hii."

"Karisa!" baba aliita. "Ingia, ndugu yangu. Nyumba ni yako." Alikuwa amesimama, akimpungia mkono mmoja, na mkono wa pili ulishika bunduki. Nadhani alisahau kuiweka.

Karisa alisimama, akamtazama.

"Ielekeze chini, Bwana Yeslam," alisema. "Si umeitia risasi?"

Baba aliinamisha mtutu, na alipoinua macho walikuwa wameshapita. Niliwafuata hadi kwenye kona nikiwasihi, nikijaribu kuipokea ile mikeka, mpaka Nyamvula akanigeukia.

"Rudi, Hadi. Utalowa bure."

Nikarudi.