Kisu Kilichorudishwa

Tangu alipomwona Pastory sokoni Ujiji, Mariana hakuwa na usingizi. Na msinicheke nikisema aliogopa. Nani asingeogopa? Mwaka wa tisini na sita walivuka ziwa pamoja kutoka Baraka, wakikimbia vita vya Kongo, boti imejaa hadi maji yanaingia kwa pembeni. Pastory akachomoa kisu, akasema mzigo upungue. Aliyepunguzwa alikuwa mzee mmoja aliyekaa ubavuni mwa Mariana, mzee wa watu, hana hata nguvu ya kupiga kelele. Wenzao wote walipelekwa kambini. Mariana alibaki mjini kwa Honorata, mama aliyempa kazi ya kuanika dagaa, akajua ni yeye tu Ujiji nzima aliyeyaona yale.

Kumbe na Pastory alibaki. Macho yao yalipokutana pale sokoni, alimpungia mkono akatabasamu. Tabasamu gani lile, jamani! Siku ya pili akauliza kwa majirani anakolala yule dada wa Baraka, wao wakamficha.

Aende polisi? Aende aseme nini, naye hana kibali cha kukaa nje ya kambi? Ndipo akaenda kwa Bonaventura.

Bonaventura naye alikuwa mkimbizi. Alifundisha aikido, mchezo wa Kijapani wa kujihami aliojifunza Bukavu, ndani ya ghala tupu la mawese, juu ya magunia yaliyoshonwa pamoja. Silaha tatu za wanafunzi wake alizichonga mwenyewe kwa mti wa mpera: fimbo ndefu ya kufika kwapani, upanga na kisu. Kwanza aliwafundisha kuanguka bila kuumia, kisha kuingia, kisha kugeuka.

"Usishindane na nguvu za mtu," alisema. "Akikujia, toka njiani, ingia ubavuni kwake. Mwache aende anakokwenda, ila kiganja chake ubaki nacho wewe."

"Mwalimu, mimi naogopa."

"Ogopa, dada yangu. Ila miguu isigande."

Tena palikuwa na adabu moja isiyovunjwa. Ukishamnyang'anya mwenzio kile kisu cha mti, unamrudishia kwa mikono miwili, mpini ukimwelekea, kichwa umeinamisha. Hapo anakushambulia tena. Miezi minne Mariana alinyang'anya na kurudisha, akanyang'anya na kurudisha, hata ikawa anafanya bila kufikiri.

Siku yenyewe ilikuwa asubuhi, jua limeshapanda. Boti za dagaa zilikuwa zimeingia, na akina mama wote wamekimbilia mwisho wa mwalo, ule ufuko wa wavuvi, kuzipokea. Mariana alibaki peke yake akigeuza dagaa mchangani.

"Habari za siku nyingi, shemeji."

Alijua sauti kabla hajageuka. Pastory alikuwa amesimama hatua tatu tu, na kisu ni kile kile cha botini.

"Yule mzee alianguka mwenyewe," Pastory alisema. "Si ndiyo?"

Mariana alitaka kusema ndiyo. Wallahi alitaka! Mdomo haukufunguka, na Pastory akamjia na kisu usawa wa tumbo.

Miguu haikuganda. Mariana alitoka njiani, akaingia ubavuni, akadaka kiganja cha mtu yule akakipinda kwa nje, na Pastory akaenda chini chali juu ya dagaa. Kisu kikabaki mkononi mwa Mariana. Pastory akajizoazoa, akasimama.

Na Mariana akainamisha kichwa, akamrudishia. Kwa mikono miwili, mpini mbele.

Lahaula! Mwanamke wewe!

Pastory alikipokea, naye kapigwa na butwaa. Wakatazamana. Kisha akacheka, na kicheko kile ndicho kilichomwamsha Mariana akaona alichofanya. Akapiga ukelele uliofika mwisho wa mwalo. Kisu kikaja tena, kikamchana mkono toka kiwikoni hadi kiganjani. Mariana akageuka nacho, akamwangusha, akamlaza kifudifudi, goti juu ya bega, mkono umesimamishwa juu, akakitoa kisu kidole kwa kidole.

Mikono ya Mariana ikaanza tena kunyooka ikirudishe.

"Hapana!" aliikemea. "Hapana, hapana!"

Honorata na wenzake walifika mbio, wakamfunga Pastory kwa kamba ya nyavu. Mtu akatumwa polisi, mwingine kwa Bonaventura. Bonaventura ndiye aliyetangulia. Alimwona mwanafunzi wake kaketi mchangani, damu inamtiririka, kisu kakikumbatia kifuani. Akapiga magoti mbele yake, akanyoosha mikono miwili kama ghalani.

"Nipe, dada. Yamekwisha."

Mikono ya Mariana ikainuka. Akaibana tena kifuani.

"Sikupi, mwalimu. Nilishampa mtu leo."

Bonaventura akaishusha mikono yake, akainama yeye mpaka paji la uso likagusa mchanga.

Askari alipofika aliuliza kwanza kibali cha kukaa mjini. Mariana akajibu hana. Kisha akamwambia akae chini, maana habari ya boti ni ndefu, na kisu atakitoa akimaliza.