Nembo Haiuzwi Peke Yake

Chai ya Mama Pindo haijapoa, binti yake Kifungo huyo, karudi kutoka shule, mashavu yamevimba kama puto.

"Mlinzi kanirudisha getini, mama. Anasema shati halina nembo. Nisipokuwa nayo, darasani siingii."

Mama Pindo, fundi cherehani ambaye pindo zake hazifumuki hata kwa watoto wa kuruka ukuta, alilitazama shati alilolishona mwenyewe. Kola imenyooka, mshono umetulia. Kosa lake moja tu: kifuani hapakuwa na kile kitambaa cha ukubwa wa kiganja chenye alama ya shule. Haki ya kuuza nembo hiyo shule ilimpa Mwenye Duka mmoja, yeye tu, na tangu siku hiyo wazazi waliokuwa wakimletea Mama Pindo vitambaa walipita mlangoni kwake wakitazama juu, utadhani wanakagua mvua.

Aliiacha chai, akamshika binti yake mkono hadi dukani.

"Shikamoo, mzee. Naomba nembo moja."

"Marahaba. Nembo haiuzwi peke yake. Inakuja na shati."

"Shati analo, hili hapa."

"Basi atakuwa na mawili. Hongera!"

Foleni ikacheka. Mama Pindo hakucheka.

"Taja bei ya nembo, nilipe. Siombi bure."

"Nimeisajili, mama. Mali yangu. Mwenye mali haulizwi."

"Mwenye daraja atoze ushuru, sawa. Lakini asinilazimishe kuvuka juu ya punda wake! Na punda mwenyewe anachechemea." Akavuta uzi kwenye kola ya shati la dukani. Uzi ukaja, ukaja, ukazidi kuja.

"Hutaki, acha. Mtoto atasomea nyumbani."

Hapo damu ikamchemka. Kumbe huyu mtu anauza mlango wa darasa! Akatoa hela aliyoiweka ya nyuzi, akalipia shati, akachomoa wembe mkobani na kuifumua nembo palepale kaunta. Shati lilikuwa jepesi hivi kwamba nembo ilibanduka na kipande cha kifua.

"We mama! Hiyo nembo ina ruhusa ya kukaa kwenye shati langu tu!"

"Nimeshailipa, bado ni yako? Kesho utasema hata kifua cha mwanangu umekisajili!"

"Mwambie, dada!" mama mmoja akapaza sauti kwenye foleni. "Mimi nina watatu, wote wamevaa magunia yake!"

Nje ya geti la shule Mama Pindo alikaa juu ya jiwe, akaishona nembo kwa mkono. Mlinzi aliitazama nembo. Shati hakulitazama, mtoto ndiyo kabisa.

"Pita."

Kifungo akapita, akageuka. "Mama, hilo shati lenye tundu si ulitupe?"

"Thubutu! Hili lina safari."

Alilikunja vizuri kuliko lilivyostahili, akapanda ngazi za Tume ya Ushindani, ofisi inayosikiliza watu waliobanwa na wafanyabiashara. Karani kijana akamkaribisha kiti.

"Lalamiko lako ni nini, mama?"

Mama Pindo akalitandaza shati mezani, akapenyeza kidole kwenye tundu na kukichezesha.

"Nimelazimishwa kununua hili lote, mwanangu, ili nipate kilichokuwa hapa."