Firmin Bado Yuko Kambani

Kila Jumapili wanachama wa klabu ya kushuka mapangoni, huku kwetu kwenye milima ya Vercors, huosha kamba kwenye birika la kijiji, kisha huzitundika kwenye boriti ya banda zikauke. Solange husugua vipandio. Kipandio ni chuma chenye meno: kambani kinakwenda juu tu, ukikivuta chini kinang'ata. Ukifika juu ukajitoa, unaita "Huru!" Kabla ya hapo hakuna anayeruhusiwa kuigusa kamba.

Mumewe, Firmin, alianguka shimoni mwezi wa Machi. Juu alikuwapo Baptistin peke yake, mwenyekiti, naye alisema kipandio kiliteleza kwa kuwa meno yalijaa tope. Uzembe wa marehemu, basi. Meno hayo Solange aliyasugua mwenyewe asubuhi ya safari. Tangu siku ile hatulii kitini; jibini na kokwa za jozi hula huku akizunguka meza.

Aprili Firmin alianza kurudi. Kamba iliyo karibu na mlango hukaza, naye huipanda, amelowa chapachapa, tope likidondoka sakafuni. Wenzake husogeza viatu vyao.

Jumapili hii Solange alimvuta Baptistin mkono mpaka chini ya kamba hiyo.

"Leo simama hapa umsikilize."

"Shemeji, kahawa yangu inapoa."

"Na ipoe!"

Kipandio cha Firmin kilikuwa kinalia ka, ka, ka, bila kuteleza hata kidogo. Firmin alipofika katikati aliinua uso.

"Baptistin, bado! Sijaita huru! Usifungue kamba!"

Banda zima lilisikia. Mzee Aimé, mweka hazina, alikohoa, akaendelea kukunja kamba zake.

"Umesikia?" Solange alimgeukia Baptistin.

"Nimesikia. Kifua chake kizuri siku hizi."

"Ulikuwa na haraka ya chakula, ukafungua kamba mtu angali ananing'inia! Na nyinyi mmetulia tuli kama maji mtungini!"

Firmin alifika kwenye boriti, hakuona pa kupita, akatoweka kama kawaida yake.

Baptistin aliwaita wanafunzi wawili wapya, akawaonyesha kamba, ambayo ilikuwa bado inachezacheza.

"Mmeona alivyopanda? Meno yakiwa safi, yanashika hivyo. Angeyasafisha akiwa hai, leo tungekuwa naye."

Wanafunzi waliitikia kwa vichwa. Mzee Aimé akaitikia, na banda zima nalo likaitikia.