Filimbi ya Shimo Jipya

Mwenyekiti wa halmashauri alikuja kuzindua dampo akiwa amevaa suti nyeupe, na hilo peke yake lilitosha kukuonyesha ni mtu wa aina gani. Nzi walimshangilia kuliko watu. Alisimama chini ya hema, ukingoni mwa shimo jipya, kipaza sauti mkononi. Nyuma yake malori ya taka yalikuwa yamepanga foleni tangu asubuhi, yamejaa pomoni, yakingojea filimbi.

Filimbi ilikuwa shingoni mwa msimamizi wa dampo, mwanamke ambaye watu walimwita Dada Filimbi mbele yake, na Kisirani akishapita. Hakuwa na mchezo na kazi. Lori lisilofunikwa turubai alilirudisha lilikotoka. Dereva aliyemwaga taka kabla ya filimbi alipewa maneno ambayo asingethubutu kumsimulia hata mkewe. Na shimo hili alilipenda kama mtoto wa kumzaa. Alilisimamia likichimbwa, likishindiliwa udongo wa mfinyanzi, likitandikwa plastiki nyeusi nene chini na kuta zote, ili yale maji meusi yanayotoka kwenye taka zikioza yasizame ardhini. Juu ya plastiki akamwagisha mchanga. Kisha akatoa sharti: tingatinga liingie moja kwa moja na litoke kinyumenyume. Likigeuka humo ndani, minyororo yake itachimba mchanga na kuchana plastiki.

Sharti hilo lilitokana na kisima. Kilikuwa bondeni, mtaa wa chini, na mtaa mzima ulikitegemea. Shimo lilipoanza kuchimbwa, wanawake wa kule waliandamana na ndoo tupu mpaka ofisini, kisha wakaacha kuchota kwa hofu, wakawa wanafuata maji mbali. Aliyewatuliza ni mama yake Dada Filimbi, mwanamke mwenye ulimi mwepesi na jirani yao wa miaka mingi. "Msimamizi ni binti yangu mimi," aliwaambia. "Siku akipuliza ile filimbi, jueni mambo ni salama, na mimi nitakuwa wa kwanza kuchota." Wakakubali kusubiri filimbi. Ndiyo maana leo mama aliketishwa safu ya mbele kabisa, amevaa viatu vipya vinavyombana, anatabasamu na kukunja uso kwa zamu.

Dada Filimbi alikuwa chini shimoni, anakagua mara ya mwisho, alipomwona mdogo wake wa kiume anateremka kwa miguu ile njia ya malori. Huyu ndiye dereva wa tingatinga. Wenzake walimwita Staa, kwa kuwa hapiti kwenye kioo bila kujitazama. Siku zote hutembea kama mtu anayepigiwa vigelegele. Leo alikuwa anaburuta miguu.

"Dada," alisema, "usipulize."

"Una nini wewe?"

"Niligeuka."

"Uligeuka wapi?"

Akaonyesha pembe ya upande wa bondeni. Mchanga wa pale ulikuwa umesawazishwa vizuri mno, kuliko mahali pengine pote.

"Jana," alisema Staa. "Mpiga picha wa Mwenyekiti alisema jua linampiga usoni, nigeuze mashine nimtazame. Nikageuza. Nikasikia kitu kinachanika, dada. Nikafukia."

"Kwa ajili ya picha?"

"Ilitoka vizuri," alijibu, kisha akaanza kulia.

Dada Filimbi alipiga magoti akafukua kwa mikono. Plastiki ilikuwa imechanika vibaya, na chini yake hata udongo ulioshindiliwa ulikuwa umevurugwa. Aliuingiza mkono kwenye ule mpasuko, ukazama mpaka kiwiko.

"Panda sasa hivi ukamwambie Mhandisi wa halmashauri, yuko hemani," alisema. "Taka hazishuki humu mpaka hapa pazibwe."

"Watanifukuza."

"Wakufukuze."

"Na wewe je?"

Hapo ndipo palipomnasa. Staa alikwisha kufukuzwa kazi mara moja, kwa kulipeleka lori la halmashauri kwenye harusi ya rafiki yake. Aliyemrudisha ni dada yake. Alikwenda kwa Mhandisi, akasimama mlangoni mpaka akasikilizwa, akasema mbele ya mashahidi, "Akiharibu tena, tufukuzeni wote wawili." Na hao wote wawili ndio waliokuwa wanailisha nyumba nzima: mama, mke wa Staa na watoto wake. Wakitoka wote, chungu hakipandi jikoni. Hasira zilimpanda, akatamani kumzaba kofi, lakini aliishia kumfuta machozi kwa upindo wa shati lake, alivyokuwa akifanya tangu utoto wao.

"Basi puliza," Staa akanong'ona.

Dada Filimbi aliinuka ili apande yeye mwenyewe. Akachelewa. Malori yalikuwa yameruhusiwa na Mwenyekiti kushuka, na njia ni moja, nyembamba, ukuta huku na ukuta huku. Lori la kwanza likaijaza, la pili likamfuata mwenzake mgongoni. Dada Filimbi akarudi nyuma, hatua kwa hatua, mpaka akajikuta amesimama juu ya ule mpasuko. Alipunga mikono kuwazuia. Wageni kule juu wakadhani anawasalimu, nao wakampungia.

"Mnamwona huyu mama?" Mwenyekiti alinguruma kwenye kipaza sauti. "Huyu ni jembe! Hana mzaha! Angekuwa na shaka hata chembe, asingekubali! Si ndivyo?"

Wakaitikia ndivyo. Kilemba cha ukoka hicho, akavishwa mchana kweupe, na hakuwa na pa kukivulia. Dereva wa lori la kwanza alitoa kichwa dirishani, akamtazama. Alijua hawezi kumwaga bila filimbi. Dada Filimbi aliishika ile filimbi, asiipulize, wala asiivue shingoni.

Tuseme ukweli: angeweza kupiga kelele. Angeweza kulala chini pale pale, na hakuna dereva ambaye angemkanyaga. Aliyajua yote hayo. Lakini alimtazama mdogo wake, na ulimi ukawa mzito.

Filimbi ilipochelewa, Mwenyekiti akaona suti yake inaanza kubadilika rangi kwa vumbi. Akampelekea mama kipaza sauti. "Mama, hebu tusaidie. Mwambie mwanao."

Mama akasimama, akakohoa, sauti ikajaa shimo zima. "Mwanangu, puliza basi. Viatu vinaniumiza."

Watu wakaangua kicheko. Katikati ya kicheko hicho, filimbi ikalia.

Dada Filimbi akasogea kando, lori likainua mgongo na kumwaga, pembe ile ile. Staa akapanda tingatinga lake, akaingia moja kwa moja, akazisukuma taka na kuzishindilia, akatoka kinyumenyume, taratibu, bila kugeuka. Kazi safi, Mhandisi akampongeza. Jioni ilipofika, ile pembe ilikuwa kilima.

Walipokuwa njiani kurudi nyumbani, mama alivua viatu akavishika mkononi, lakini hakukubali wapite njia ya mkato. Alimpeleka binti yake moja kwa moja kisimani. Wanawake wa mtaa walikuwa wamejaa pale na ndoo zao, wamekauka, wanangoja. Hakuna aliyekuwa amechota.

"Mmesikia filimbi?" mama aliwauliza.

"Tumesikia."

Akateremsha ndoo mwenyewe, akaivuta kwa mikono yake. Akachota kikombe, akakipeleka mdomoni, kisha akabadili mawazo.

"Hapana. Aanze mwenye kazi yake."

Kikombe kikamfikia Dada Filimbi. Akawatazama mmoja mmoja: jirani aliyemfundisha kusuka, yule mwenye mimba, na yule aliyeongoza maandamano, ambaye sasa alikuwa ameinamisha kichwa kama anayetaka kuomba radhi. Alifungua mdomo aseme. Mama akamgusa bega kwa upole, akamwambia, "Kunywa, mwanangu, watu wana kiu."

Akanywa mpaka tone la mwisho. Yalikuwa bado matamu. Nyuma yake akasikia ndoo zinagongana, wanawake wanasukumana kwa furaha, kila mmoja anataka kuchota kabla ya mwenzake.