Mgongo wa Uzio

Uzio ule ulianza kuinama mwaka ambao kiwanda cha mbao kilifungwa, na kwa muda mrefu Spika aliufurahia, maana uliinamia upande wa jirani.

"Uache," alikuwa akimwambia mkewe. "Siku ukianguka umwangukie yeye."

Jina la Spika alipewa kwenye geti la kiwanda. Enzi zile wafanyakazi walipokuwa wakikusanyika alfajiri kudai haki zao, hapakuwa na kipaza sauti. Palikuwa na koo lake. Shule hakufika nayo mbali, lakini gazeti lililofungiwa misumari dukani alilikunjua, akalisoma mpaka matangazo ya vifo. Alijua sheria za kazi kuliko alivyojua nguo zake. Na alikuwa hasahau. Ukimkosea Spika leo, ujue umekosea kwa miaka.

Jirani yake aliitwa Nyapara, na hilo nalo si jina la kuzaliwa.

Kisa chao kilikuwa hiki. Wafanyakazi waligoma wakidai kinga. Hawakudai makubwa: fremu ya chuma ya kuzungushia msumeno mkubwa, ili mtu akiteleza agonge chuma badala ya meno. Mgomo ulikuwa umeshika vizuri. Asubuhi moja huyu jirani akaingia kwa mlango wa nyuma na wenzake wachache. Kule kiwandani misumeno ilimeza sauti zote, kwa hiyo watu walikuwa wanazungumza kwa mikono. Kiganja bapa: simama. Vidole viwili upande huu au ule: sogeza. Kidole kilichosokotwa hewani: washa. Spika aliuona mkono ule kupitia nondo za geti, umeinuliwa juu, kidole kinasokota. Msumeno ukalia. Mgomo ukafia pale pale, na mwenye mkono akapewa unyapara.

Kabla mvua hazijaisha, mdogo wake Spika aliteleza kwenye unga wa mbao uliolowa. Kinga haikuwapo. Tuishie hapo.

Baada ya mazishi Spika alijenga uzio kati ya nyumba hizo mbili za kiwanda. Aliujenga kwa mabanzi, yale magamba ya gogo yanayobaki baada ya mbao kupasuliwa, kwa sababu ndicho kitu pekee mwenye kiwanda alichokuwa akiwaachia watu wake bila kuguna. Sasa, mtaani kwao ukijenga uzio unampa jirani uso, wewe unabaki na mgongo: nguzo, mbao za kulaza, ncha za misumari. Ni adabu tu. Spika alifanya kinyume. Alivipigilia vipande vizima chini, akavigeuza, akakunja kila ncha ya msumari kwa nyundo, kisha akavisimamisha mgongo ukiwa kwa jirani. Nyapara alitoka mlangoni, akautazama mgongo ule, akarudi ndani. Wanaume wale hawakusemeshana tena.

Wake zao ndio walioendelea. Kulikuwa na banzi moja fupi karibu na bomba la maji, na juu yake walikuwa wakiegemeza viwiko wakipiga soga mpaka vyungu vikaungua. Mke wa Nyapara alipofariki, mke wa Spika alienda kuegemea pale peke yake siku nyingi, hana wa kuongea naye.

Na sasa yeye mwenyewe alikuwa kitandani. Binti yao aliyerudi kumuuguza alikisogeza kitanda mpaka dirishani apate hewa, na kilichojaa dirishani ni uzio uliopinda.

"Wewe mzee."

"Naam, mama."

"Hilo libanzi limenilalia machoni. Nikilala nalala nalo, nikiamka limo. Ninyooshee."

"Nitaunyoosha."

"Lini? Mimi si wa kungoja msimu."

"Usianze maneno hayo."

"Na utaunyoosha vipi, wakati mgongo uko kwake?"

"Nitapitia upande wangu."

Mama alicheka, kicheko kikageuka kikohozi, binti akamshika mabega. Alipopata pumzi akasema, "Dunia nzima ni wewe peke yako uliyejenga uzio ukajifungia nje. Nenda kabishe hodi kwa shemeji."

"Usimwite shemeji."

"Nimwite nani? Mke wake ndiye aliyenishika mkono nikimzaa huyu." Akamgusa binti. "Sikiliza. Sijakwambia umsamehe. Hilo ni lako na marehemu mdogo wako. Nataka siku ukianguka humu ndani peke yako, awepo mtu wa kusikia kishindo."

"Yule? Yule misumeno ilimla masikio!"

"Basi ataona uzio unatikisika. Lakini uwe umesimama kwanza."

Kesho yake Spika alienda kwa muuza vyuma chakavu. Nguzo za zamani zilikuwa zimeoza shingoni, pale zinapoingia ardhini, na alikwisha apa kwamba mti hauweki tena. Alitaka chuma. Muuza chakavu akamwonyesha mabomba mazito kwenye kona, yenye rangi ya manjano iliyobanduka.

"Haya utaniombea dua, mzee. Yametoka kwenye kiwanda chenu kile."

Spika aliinama, akapitisha kidole juu ya ile rangi. Alisimama pale mpaka muuza chakavu akamuuliza kama anaumwa. Yalikuwa ni kinga. Zile zile walizodai. Mwenye kiwanda alikuja kuziweka baadaye, siku alipopata wageni wa kununua mbao kutoka nje ambao hawakupenda kuona damu. Chuma chenyewe kilikuwa kama hiki tu, cha kubeba begani.

Aliyachukua. Fundi wa kuchomelea akamwekea vibamba vyenye matundu ya bolti, ili mbao za kulaza zishikwe na chuma bila msumari.

Na hapo ndipo Spika alipofanya kosa ambalo hakuja kujisamehe. Badala ya kubisha hodi, alianza kubomoa upande wake. Alichomeka mtaimbo nyuma ya banzi, akakaza. Msumari haukutoka, maana ncha aliikunja mwenyewe kwa hasira zake zote, kwa upande wa pili. Banzi likapasuka. La pili likapasuka. Alijaribu kukata vichwa vya misumari kwa patasi. Alijaribu kuchimba chini kwa chini, akakuta saruji ya nguzo ya zamani imekaa kama jino la kiboko. Siku zikaenda hivyo, na dirishani binti alikuwa akiongeza mito, kisha akaanza kuipunguza, kwa sababu mama alikuwa hawezi tena kukaa wima muda mrefu. Sauti yake ilikuwa imebaki ya kupumulia tu.

Jioni moja alimtazama mumewe kupitia dirisha, akainua mkono kutoka kwenye shuka. Aliwahi kupanga mbao kiwandani kabla hajaolewa, lugha ile aliijua. Kiganja bapa: simama. Halafu akaelekeza kidole kwa jirani.

Spika aliuangusha mtaimbo. Akazunguka kwa njia ya barabarani, akasimama mbele ya mlango ambao hakuwahi kuugusa.

"Hodi!" Kimya. Akabamiza kwa ngumi. "Hodi, nasema!"

Nyapara alifungua. Alikuwa amezeeka vibaya, shati limemzidi. Alimtazama juu mpaka chini.

"Umechelewa," akasema kwa sauti kubwa ya viziwi. "Nimekusikia unapasua mbao. Hata mimi nimesikia! Nikajua hujakubali bado kubisha hodi."

"Nimekuja kwa ajili ya uzio."

"Eeh?"

"Uzio!"

"Ulidhani ni kwa ajili ya uso wangu mzuri? Pita."

Spika akapita uani kwa mwenzake, akauona mgongo wa uzio wake. Kila nguzo ilikuwa imeegemezwa gogo. Mengine ya zamani, yameota ukungu. Mengine mapya, yamechongwa juzi. Mahali pengine mti ulikingamizwa kutoka kwenye mbao ya kulaza mpaka kwenye kisiki. Uzio ule ungekuwa umelala chini zamani sana. Mtu alikuwa ameushikilia.

Spika akagusa gogo moja lililochongwa juzi.

"Marehemu mke wangu alikuwa anapenda kuegemea pale," Nyapara akasema, akionyesha banzi fupi. "Nikaona usianguke. Leta vyuma."

Wakaanza asubuhi. Nyapara ndiye aliyenyoosha ncha za misumari kwa koleo, moja moja, na mabanzi yakatoka mazima. Waliyapanga chini kwa mpangilio wake. Wakachimba, wakang'oa saruji ya zamani, wakasimamisha bomba la kwanza. Nyapara alipoona ile rangi ya manjano, mikono yake ikaganda juu ya chuma.

"Hizi..."

"Ndizo," Spika akasema. Kisha akasogea karibu kabisa na lile sikio, akauliza swali alilokaa nalo ujana wote na uzee wote. "Kwa nini uliwasha?"

Nyapara hakujifanya hajasikia.

"Waliniahidi unyapara."

"Basi?"

"Basi. Ningeweza kukwambia nilikuwa na njaa. Sote tulikuwa na njaa. Waliniahidi, nikataka." Akashika bomba kwa mikono miwili. "Siku ile mdogo wako... mimi ndiye niliyezima msumeno. Nilichelewa."

Spika alitaka kumpiga kwa sepeto. Alilikaza mkononi kabisa. Kilichomzuia hakikuwa huruma. Akilini alikuwa anamwona mwenye kiwanda, ambaye ukuta wake ulikuwa wa mawe, hauna jirani upande wowote, na ambaye hakuna mtu aliyewahi kubisha hodi kwake kumuuliza swali kama hili. Wao walitupiwa mabanzi, wakajengeana migongo.

Dirishani, kidole kiligonga kioo. Wote wawili walikuwa wamesahau kwamba wanaonekana, kwa kuwa uzio haukuwapo tena katikati. Mama alikuwa ameinuliwa na binti yake. Mkono wake ukapanda polepole. Vidole viwili kulia.

"Shemeji anasema limepinda," Nyapara akasema.

"Nimeona."

"Basi sogeza, unangoja nini? Hotuba?"

Spika akasogeza. Vidole vikasema tena, kidogo. Kisha kiganja bapa: hapo hapo. Wakamwaga zege, wakashindilia.

Ndivyo walivyofanya kazi. Pimamaji ilikuwapo, timazi ilikuwapo, hawakuvitumia. Kila bomba lililosimama lilimngoja mama. Kupitia nafasi ile iliyo wazi aliona ua wa rafiki yake kwa mara ya kwanza tangu aanze kuugua: kiti chake kikiwa bado ukutani, kamba yake ya nguo. Alitazama pale kwa muda mrefu, wao wakingoja, zege likiwakaukia mikononi, hakuna aliyemharakisha. Siku hadi siku ule mkono uliishia chini zaidi, mwishoni haukuvuka ukingo wa dirisha, zikabaki ncha za vidole. Nyapara, ambaye hakusikia vizuri, hakukosa kuziona hata mara moja.

Lilibaki shimo moja, la kona, pale kwenye banzi fupi. Spika alikuwa anachekecha mchanga wa zege la mwisho binti alipotoka mlangoni. Hakulia wala hakuita. Alisimama tu, mikono imemning'inia. Baba yake akaweka chini chekecheo.

Waombolezaji walipokuja walijaa uani kwa Spika, wakamwagikia kwa Nyapara, kwa sababu hapakuwa na kitu cha kuwazuia zaidi ya zile nguzo za manjano. Watoto walizishika wakizunguka. Mwenye kiwanda, kama yu hai, hakutuma hata salamu.

Watu walipoondoka, na binti naye akarudi kwake, shimo lile lilikuwa bado liko wazi, limeingia maji. Asubuhi hiyo Spika alilikausha kwa kopo. Nyapara alikuja bila kuitwa, akashika bomba la mwisho, akalitumbukiza. Spika akalikumbatia, akalisimamisha anavyoona yeye, kisha kwa mazoea akageuka dirishani.

"Hapo je?"

Kitanda kilikuwa kimekunjwa. Kioo kilimwonyesha uso wake mwenyewe na mawingu.

Alibaki hivyo, shingo imegeuka, bomba kifuani. Zaidi ya mkewe hakuna aliyewahi kumwambia kwamba amepinda, naye akakubali.

Aliporudisha macho, Nyapara alikuwa amerudi nyuma hadi ukutani kwake, amefumba jicho moja. Alikuwa ameinua mkono. Ni mkono ule ule. Kwa nukta moja Spika alikiona tena kile kidole kikisokota nyuma ya nondo, akasikia msumeno.

Vidole viwili kushoto.

Hakusogea. Ule mkono ukangoja juu, vidole viwili kushoto, kushoto kidogo.

Spika akasukuma bomba kushoto.

Kiganja bapa.

"Sijakusamehe," akasema, machozi yakimchuruzika hadi kwenye ndevu.

"Eeh?" Nyapara akaweka kiganja sikioni.

"Nimesema lete maji! Zege linakauka!"

Nyapara akaokota ndoo, akaenda bombani.